MAMBO YA NYUMBANI: Habari ya Kuosha Injini ya Motokaa

Tumezoea hapa kusema habari za jiko, za kisima, za banda la kuku na za nguo za watoto. Mwezi huu twataka kusema habari ya motokaa, wala msistaajabu, kwa maana hata huku kwetu Ushongo nyumba isiyo na gari hulitegemea gari la jirani siku ya ugonjwa au ya msiba. Na kitu kinachotegemewa na nyumba ni kitu cha nyumba.

Mwalimu mmoja wa upande wa Mwera ametuuliza hivi. Fundi wake amemkataza kabisa kuosha injini, akisema kwamba maji ni adui wa mtambo. Naye kaka yake, aliye dereva Tanga mjini, kila wakutanapo humwambia kwamba injini chafu ni aibu ya mwenye gari, na kwamba yampasa kuipeleka ikapigwe maji ya pampu hata ing'ae. Mwalimu auliza, amsikilize nani? Twajibu kwamba kila mmoja wao amesema neno lenye kweli ndani yake, na kila mmoja akifuatwa mpaka mwisho atamtia mwalimu hasara. Injini yafaa ioshwe. Lakini haioshwi ili ing'ae. Yaoshwa ili ionekane. Asiyeshika tofauti hiyo ataosha vibaya.

Uchafu wa injini za pwani yetu si wa namna moja. Kuna vumbi la njia, ambalo likikutana na oili inayovuja kidogo kidogo hugandamana likawa ukoko mweusi, kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kuna nyuzi za katani zinazopeperuka kutoka katika malori. Nyuzi hizo ni wenyeji wa kwetu hasa, kwa kuwa katani ya kwanza ya nchi hii ilipandwa jirani, huko Kikogwe, kusini ya mto Pangani, mwaka 1893: miche 62 tu, iliyosalia katika miche 1,000 ambayo Dakta Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Kuna chumvi ya upepo wa bahari, ambayo macho hayaioni mpaka imekwisha kula vichwa vya betri na kuacha unga mweupe na wa kijani. Tena kuna panya. Panya wa Ushongo apenda sana joto la injini iliyozimwa sasa hivi, na hupeleka humo makumbi ya nazi na majani makavu, akafanya kitanda chake juu ya mtambo. Akikosa chakula hutafuna nyaya.

Sasa tazameni hatari iliyomo. Chuma cha bomba la moshi, pale linapotoka katika injini, hupata joto la digrii mia kadha gari linapokwenda. Juu yake mna kumbi kavu, ambalo mama zetu huwashia moto jikoni, na katani, na ukoko wenye oili. Mtu hawezi kuona chini ya ukoko ule kama mpira wa petroli umepasuka, au kama waya umechunika. Hizo zote ni kuni. Hazikosi ila cheche.

Basi huo ndio upande wa kaka. Upande wa fundi tuliujua kwa kujikwaa wenyewe. Miaka kadha iliyopita gari la nyumba yetu lilikuwa chafu sana, na sikukuu ilikuwa karibu, tukalipeleka kwa vijana wenye pampu ya maji. Hatuwataji, kwa maana kosa lilikuwa letu: sisi ndio tuliowahimiza, na injini ilikuwa ingali ya moto. Wakaipiga maji kwa nguvu, ikang'aa kama sahani ya bati, nasi tukarudi nyumbani kwa furaha. Usiku ule ule mtoto wa jirani akashikwa na homa yenye degedege. Baba yake akaja kugonga mlango. Tukatia ufunguo, stata ikazunguka, ikazunguka, injini isiwake. Tukajaribu hata betri ikaisha. Mwisho baba yule akakodi pikipiki, mama akakaa katikati na mtoto kifuani, wakaenda hata Bweni kungojea kivuko cha kuwavusha mpaka hospitali ya Pangani. Mtoto alipona, na sasa asoma shule. Lakini hata leo tukipita mbele ya nyumba ile twatazama chini. Asubuhi fundi alipofungua koili alikuta maji yamesimama ndani ya mashimo ya plagi, kina cha pingili ya kidole. Ugonjwa wote wa gari ulikuwa ni huo.

Kazi yenyewe yafaa ifanywe siku ambayo gari halitakiwi, mapema asubuhi, ili jua liwe na saa nyingi za kukausha. Injini iwe imelala usiku kucha. Maji ya baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua, tena mvuke wake huunguza uso na mikono. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ingali na joto. Maji ya ndani yamefungwa kwa nguvu, nayo huwa na moto kupita maji ya chunguni yachemkayo, hivyo yakipata njia huruka yote pamoja. Gari lisimame mahali palipo wazi, mbali na jiko. Tena mtu asiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu huku adhani kwamba ni usingizi tu.

Kabla ya kuinua boneti, ipigeni kwa kiganja mara mbili tatu. Paka hulala humo, na sisi tuliwahi kumkuta kuku wa jirani amelalia mayai matatu kando ya betri. (Jirani alidai mayai, tukampa.)

Mwenye kuosha avae viatu, avue pete na saa. Hilo la pete wengi hulicheka. Pete ya dhahabu ikigusa kichwa cha betri upande mmoja na chuma cha gari upande wa pili hupata moto mkali mara moja, na mwenyewe hawezi kuivua. Huunguza kidole hata mfupani. Wanawake wafunge kanga sawasawa, na wanaume wasivae shati la mikono mipana. Watoto wakae mbali, ila yule mkubwa anayejifunza kazi, naye aambiwe kila jambo pamoja na sababu yake.

Kisha ufunguo utolewe, na betri ifunguliwe. Hufunguliwa kwanza upande wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, ndipo upande wa chanya; na wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi huwa mwisho. Maana yake ni hii: mwili wote wa gari umeungwa na upande wa hasi, basi ukianza na chanya na spana yako ikagusa bati, umeme wote wa betri utapita katika spana, na cheche zitaruka mahali ambapo pengine pana hewa ya haidrojeni iliyotoka katika betri, nayo huripuka. Tena katika magari mengi ya siku hizi feni ya rejeta huendeshwa kwa umeme, na baadhi yake huweza kuanza kuzunguka peke yake, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, kwa kuwa joto ndilo liiamrishalo. Feni haimwambii mtu kwamba yaja. Ukifungua betri umeifunga mikono yake.

Vichwa vya betri vikiwa na unga ule mweupe, yeyusheni magadi, yale yapikiwayo maharage, kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya vuguvugu, mkavisugue kwa mswaki wa zamani. Mtaona povu, ni magadi yakiua ukali wa asidi. Maji hayo yasiingie katika matundu ya betri, wala mtu asiiname uso juu yake. Suuzeni, kausheni, na baada ya kufunga pakeni mafuta mazito ya mgando kidogo, yazuie chumvi.

Sasa uchafu wenyewe. Wengi hukimbilia maji, na hilo ni kosa, maana nusu ya kazi ni kavu. Toeni kwanza kwa mkono makumbi, majani, nyuzi na viota. Pigeni vumbi kwa brashi. Kwangueni ukoko kwa kijiti cha mti, si kwa kisu, kisije kikachuna mpira au waya. Mtashangaa jinsi injini ilivyobadilika kabla ya tone moja la maji.

Hapo ndipo huja jaribu la petroli, na twaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu twaijua desturi hii. Mtu humimina petroli katika kopo, akachovya brashi, akasugua. Naye husema, 'Baba yangu alifanya hivi, na fundi wangu hufanya hivi.' Ni kweli kwamba petroli huyeyusha grisi upesi. Lakini petroli hutoa mvuke wenye kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Ushongo. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hushuka, ukatambaa ardhini kama maji, na ukifika kwenye jiko la mkaa lililo mbali, moto hurudi kwa njia ile ile mpaka katika kopo, na kopo limo mkononi. Kwa hiyo twasema wazi: petroli isitumike kusafishia, hata kidogo, hata na fundi. Mafuta ya taa hayatoi mvuke upesi kama petroli. Pale ambapo ukoko wa grisi umekataa kabisa, kitambaa kilicholoweshwa nayo kidogo chaweza kutumika juu ya chuma baridi, si juu ya mipira, kisha pasuguliwe kwa sabuni pasibaki kitu. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje mbali na moto, wala visirundikwe stoo.

Dawa iliyo njema ni sabuni ya kawaida ya kufulia, iliyoyeyushwa katika ndoo ya maji ya vuguvugu. Wale wapikao sabuni nyumbani wasijaribu kostiki yao hapa. Kostiki hula aluminiamu, na injini nyingi za sasa zina vifuniko vya aluminiamu.

Kabla ya kulowesha, funikeni alteneta, sanduku la fyuzi, kompyuta ya gari, koili na plagi, au distribyuta kama gari ni la zamani, na zaidi ya yote mdomo wa kuvuta hewa. Maji yakivutwa kwa wingi ndani ya silinda, pistoni hukutana na kitu kisichokubali kushindiliwa kama hewa ishindiliwavyo, na vyuma hupinda. Hapo mtu hana tena gari la kuosha. Zamani tulifunika kwa mifuko ya rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, basi tumieni kipande cha nailoni ya magodoro au ya mbolea, mkifunge kwa mpira wa baiskeli. Mtakapomaliza hesabuni vipande. Kimoja kikisahauliwa karibu na bomba la moshi, mmewasha mlichotaka kuzima. Magari yale yatumiayo petroli na umeme pamoja yana nyaya nene za rangi ya machungwa, zenye volti 200 na zaidi. Hizo hazifunguliwi, hazichokonolewi, na wenye magari hayo wafute kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Pakeni sabuni kwa brashi kipande kwa kipande, kuanzia chini kwenda juu, kisha suuzeni kutoka juu kwenda chini, kwa maji machache. Sisi hutoboa matundu madogo katika kifuniko cha chupa, tukaminya. Maji hutoka kama ya mvua ya rasharasha. Ndoo mbili zatosha injini nzima. Nayo yawe maji matamu ya kisima au ya mvua. Wako madereva ambao, wakingojea kuvuka, huteka maji ya mto Pangani pale kivukoni wakamwagia injini, wakidhani kwamba maji ya mto lazima ni matamu. Pale bahari hupanda na kushuka kila siku, na maji yale yana chumvi. Maji ya mkono wa bahari hapa Ushongo Mtoni ni hali moja na hayo. Injini iliyosuuzwa hivyo hupendeza siku ile, na baada ya miezi michache kila kiungo cha waya kina kutu.

Kukausha ndiko tulikokosa zamani, kwa hiyo sasa twakutilia mkazo kuliko mambo yote. Futeni kwa vitambaa vikavu. Ondoeni nailoni. Chungulieni mashimo ya plagi kwa tochi, na kama mna maji, yapulizeni kwa pampu ya baiskeli, ambayo kila nyumba yaweza kuipata. Acheni boneti wazi juani, saa mbili au tatu, na kijana mmoja awe karibu kufukuza kuku. Ndipo betri ifungwe, chanya kwanza, na injini iwashwe, nayo iachwe ingurume robo saa huku mkitazama bila kugusa. Jaribuni gari siku ile ile ya kuosha. Msingojee usiku wa manane liwajaribu ninyi.

Tumesema kwamba injini yaoshwa ili ionekane. Baada ya kuosha, chukueni kitambaa cheupe na tochi, mkague. Oili ya injini huonekana nyeusi au ya rangi ya asali. Oili ya gea ya kujiendesha aghalabu ni nyekundu. Maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani au ya rangi ya waridi, nayo yana harufu ya utamu. (Dawa hiyo ni sumu, na mbwa na watoto huvutwa na utamu wake, kwa hiyo isiachwe katika sahani.) Harufu ya petroli haina rangi, wala haina udhuru: pakinuka, gari haliendi.

Mwaka jana nyumbani kwetu palinuka petroli siku kadha. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni galoni lililobebwa nyuma. Mwingine alisema ni shati la dereva. Gari likaendelea na safari zake, na siku ya Alhamisi likampeleka mama mjamzito Pangani pamoja na dada zake wawili. Siku ya Jumamosi tukaliosha kwa namna hii tuliyoieleza. Ukoko ulipotoka juu ya injini ukaonekana mpira wa petroli, umepasuka urefu wa ukucha, na chini yake, si zaidi ya shibiri moja, bomba la moshi. Ukoko wenyewe ulikuwa umelowa. Dereva wetu aliushika mpira ule, akaukunja, ufa ukafunguka kama mdomo, naye akakaa chini mchangani wala hakusema neno kwa muda mrefu. Mpira mpya na vibano vyake viwili tulivinunua Pangani kwa fedha zisizofika bei ya kuku. Mama yule alijifungua salama mtoto wa kike.

Kwa sababu hiyo wekeni karibu, wakati wa kuosha na wakati wa safari pia, kizimamoto cha unga, au angalau ndoo ya mchanga mkavu, ambao kwetu haununuliwi. Maji hayazimi moto wa petroli. Petroli huelea tu juu ya maji, na moto husambaa. Na moshi ukitoka chini ya boneti barabarani, zimeni injini, tokeni wote, msiifungue boneti wazi kabisa, kwa maana hewa itauamsha moto ule uliokuwa ukikosa pumzi.

Limebaki neno la maji machafu. Maji yale yana oili, na udongo wa Ushongo ni mchanga mtupu. Kinachomwagwa juu leo huonjwa kisimani baadaye. Oshieni mbali na kisima, na mbali na ufuko vilevile. Wazee wetu wakumbuka kisiwa cha Maziwe kilipokuwa na miti, na kasa wakipanda huko kutaga. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975, lakini miti yake yote imekwisha kuchukuliwa na bahari, limebaki fungu la mchanga, na mayai ya kasa yatagwayo pale huletwa kufukiwa katika ufuko wetu huu. Si vizuri wageni hao wakute oili. Tandazeni pumba za mbao au makumbi chini ya gari, yanywe maji yale, kisha yazikwe katika shimo mbali na maji. Na oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini ikusanywe katika dumu, fundi ataichukua.

Mwalimu wa Mwera ameuliza pia, mara ngapi kwa mwaka? Kwa gari la njia zetu, mara mbili zatosha: moja kabla ya masika, ili maji ya mvua yasikute ukoko wa kushika unyevu, na moja baada ya vumbi la kiangazi. Panya lakini hangojei majira. Yeye akaguliwe kila Jumamosi.